Nina mawazo matatu na laki nane, nianze na lipi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa miaka 26, fundi wa kuchomelea hapa Mwanza. Kuna mawazo matatu yananinyima usingizi: apu ya kuita bodaboda, mashine ya kupukuchua mahindi ya kukanyaga kama baiskeli, na kikaushio cha dagaa cha jua ambacho hata mvua ikinyesha dagaa hawaloi. Akiba yangu laki nane tu. Washkaji wanasema apu ndo ina hela. Naogopa pia nikimwonyesha mtu ataniibia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hiyo akiba. Mimi ningeangalia nani tayari anaumia na anapoteza hela kwa hilo tatizo, hata kabla hujamwambia una dawa yake.

Apu weka pembeni. Abiria akitoka nje bodaboda yuko kijiweni pale, anampungia mkono tu, na kampuni kubwa zina hela za kumwaga ofa, wewe huna. Mashine ya mahindi si mbaya ila ni ya msimu, na za injini tayari zinazunguka vijijini.

Dagaa sasa. Nenda mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kipindi cha masika ukae na kina mama wanaoanika dagaa mchangani, wingu likitanda tu utaona wanavyokimbizana na maturubai kukusanya dagaa ambao hata hawajakauka, na mvua ikikaa siku mbili dagaa wanavunda, mama anawauza wakawe chakula cha kuku kwa bei ya kutupa na huku mkopo wa mzigo unamsubiri. Hiyo tofauti ya bei kati ya dagaa wa kuliwa na dagaa wa kuku ndo hela yako ilipo. Chukua daftari uiandike ndoo kwa ndoo, kwa akina mama hata watano.

Ila kuna mtego hapo. Kiangazi kila kikaushio kinafanya kazi, lakini kiangazi mchanga ni wa bure, nani atakulipa? Kijaribu siku ya mawingu, jua limejificha, ndo utajua kama kinakausha au kinazuia mvua tu huku dagaa wanaoza ndani kwa joto na unyevu. Tengeneza kimoja kidogo kwa mbao na nailoni, usiguse hata laki mbili, mpe mama mmoja na umtoze kidogo kwa kila ndoo. Akisema kizuri sana halafu hatoi hata buku, hilo nalo jibu.

Na umtazame anavyokitumia, usimfundishe sana. M-Pesa ya Kenya kwenye majaribio ya 2005 ilikuwa ya wakopaji kulipa marejesho kwa simu, kumbe watu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao, na ilipozinduliwa 2007 ikaja na hilo la kutuma pesa nyumbani. Huenda mama akaweka samaki wengine kama furu badala ya dagaa, wewe andika tu.

Kuhusu kuibiwa, hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, zinasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, lakini kwa sasa huna cha kusajili, una mchoro. Waonyeshe kina mama bila hofu.

Masika yakianza niandikie, nataka sana kujua ile ndoo ya kwanza ya siku ya mvua imetoka vipi.