Lile neno la koko

Ilboru, Arusha

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imegoma. Umeniuliza kama msemo wa koko, bibi yako, "mnakula kama Mang'ati," ni tusi, maana uliutoa kwa utani mezani kazini, na mwenzako wa Katesh, kule Hanang, akasukuma sahani akanyamaza.

Koko hakuutunga. Kwa Kimaasai chetu sisi Waarusha, ilmang'ati ni maadui, maadui wowote wale. Karne ya 19 Wamasai walipigana na Wadatoga wakawatoa Ngorongoro, na jina hilo la vitani likawaganda mpaka kwenye Kiswahili. Wenyewe ni Wadatoga, na wengi wa huko Hanang ni Wabarabaig. Makaburi ya wazee wao yamo mle kreta hadi leo. Sasa mtu akutoe kwenu, akuite adui, halafu wajukuu zake wakuchekee kwenye chakula! Hata mimi ningesukuma sahani.

"Ndorobo" nalo, ulilokuwa ukiitwa kila ukipoteza sweta la shule, ni hivyo hivyo. Iltorobo ni wasio na ng'ombe, yaani maskini. Ni hesabu ya mfugaji hiyo. Waakie wa kule Kiteto, wanaoitwa jina hilo, waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kurina asali, hawakuomba kuhesabiwa kwa ng'ombe.

Koko hakuwa na chuki, namjua mama yangu. Alikuwa akisema huku anakuongezea loshoro sahanini. Lakini asiye na chuki naye huumiza, nami nililijua hilo ukubwani. Pale soko la Kilombero hapa Arusha nilimwita kijana wa mkokoteni, "We Mang'ati, twende." Akainama kidogo: "Shikamoo mama. Mimi Mbarabaig." Basi. Akabeba ndizi zangu mpaka kwenye daladala. Angenitukana ningesahau, ile shikamoo sijaisahau.

Watakuambia ni utani tu. Utani una watani wake, nawe ukimtania anakutania. Mwenzako alikutania nini?

Mwombe radhi ana kwa ana, si kwa meseji, na usianze kumsomesha historia yake mwenyewe. Mwite Mbarabaig kama ndivyo anavyojiita.

Shangazi yako bado anautumia msemo huo, tena kwa sauti. Huyo niachie mimi.

Mama yako