Mtoto wangu amepata IQ 84: je, hiyo ndiyo akili yake?

SWALI: Mtaalamu, mwanangu wa miaka 9 alipimwa shuleni kwa Kifaransa kile wanachokiita QI, akapata 84. Mwalimu wake ananiambia nisijisumbue, akili yake inaishia hapo. Kweli kipimo hicho kinapima akili yenyewe? – Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, pole sana. Nianze na neno la mwalimu, kwa sababu ndilo lililokuumiza. Si kweli. Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha kwanza pamoja na Théodore Simon huko Paris mwaka 1905, alitaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa masomo. Mwaka 1909 aliwapinga waziwazi waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka.

Tuje kwenye namba. IQ, ndiyo hiyo QI ya Kifaransa, haipimwi kama unga wa bukari kwenye mizani. Wanapimwa watoto wengi wa umri mmoja, wastani wao unaitwa 100, kisha kila mtoto anapangwa akilinganishwa nao. Theluthi mbili hivi huangukia kati ya 85 na 115, kwa hiyo mwanao yuko kwenye ukingo. Tena hata kipimo kizuri huyumba pointi 5 hivi juu au chini. Swali zito zaidi ni hili: hao watoto wa wastani ni wa wapi? Kama ni wa Ufaransa, basi mwanao amelinganishwa na wanaocheza, kugombana na kuota kwa Kifaransa.

Akili ya jumla ipo? Mwaka 1904 mwanasaikolojia Mwingereza Charles Spearman aligundua kwamba mtoto anayefanya vizuri somo moja mara nyingi hufanya vizuri na mengine, hata yasiyofanana. Hicho kinachoyaunganisha akakiita g. Jambo hilo limethibitishwa mara nyingi mno, na wenzangu wanaosema IQ ni upuuzi mtupu wanakosea. Lakini g yenyewe hakuna aliyeiona. Tunaikadiria kwa kutazama jinsi alama za majaribio mengi zinavyopanda na kushuka pamoja. Alama ya mtoto mmoja, siku moja, imebeba g, na imebeba pia lugha, mazoea ya penseli, woga na njaa ya asubuhi.

Mazoea si jambo dogo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti wa watoto wa Zambia, jirani zetu hapo ng'ambo ya Kasumbalesa, na watoto wa Manchester, Uingereza. Wote waliombwa kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Wewe unaishi Katuba, magari ya waya unayajua: mtoto anapinda chasisi, anafunga magurudumu, anaweka usukani mrefu ili asukume akiwa amesimama, na akiuzungusha matairi ya mbele yanageuka. Hana mchoro wowote, lori zima liko kichwani mwake. Mpe penseli achore umbo hilohilo, na huenda ukamwona mzito.

Niliwahi kumpima mtoto wa rika la mwanao. Kila nikimwekea picha ya kukamilisha, alitazama uso wangu. Kwao mtoto hamtangulii mkubwa kujibu, na saa ilikuwa inakimbia. Nikaiweka saa mezani kifudifudi, tukazungumza Kiswahili, tukapanga vibao pamoja. Ndipo akaanza kutazama picha. Alama za dakika zile za kwanza zilipima adabu yake.

Sasa omba ripoti nzima, usikubali namba peke yake. Tazama kama alama za maneno ziko chini sana kuliko za maumbo na vibao. Hapo ningeshuku Kifaransa kwanza. Mpeleke akapimwe macho na masikio. Baada ya mwaka hivi apimwe tena na mtu anayezungumza naye Kiswahili, kwa kipimo kisichotegemea maneno, kama matriksi za Raven, yaani mafumbo ya maumbo ambamo mtoto anachagua kipande kinachokosekana. Na uniambie: ukimtuma kununua makala (makaa), anakumbuka ulichomwagiza? Chenji anaihesabu? Kama huko nako anapotea, na alama zote ziko chini, anahitaji mwalimu wa kumsaidia mapema, na hilo tusilicheleweshe.