Kazi ya makumbusho: anzia kwenye rejista

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza shahada ya historia, mwaka mzima umetuma maombi ya uhifadhi kwenye makumbusho na hakuna aliyekujibu. Sasa unauliza kama ukasome shahada ya uzamili au uachane na jambo hili. Nina miaka 19 kwenye kazi hii, na mlango niliopitia mimi si huo unaoupigia hodi.

Unaomba nafasi ya yule anayechagua vitu vya maonesho na kuandika maelezo yake. Nafasi hizo ni chache mno, na aliyeipata mara nyingi huikalia mpaka anastaafu. Lakini makumbusho mengi huonesha sehemu ndogo tu ya vitu yalivyo navyo. Vilivyobaki viko stoo, na vinahitaji watu wa kuvisajili, kuvipiga picha, kuvifungasha, kuvikinga na wadudu na kuvitafutia mahali pa kukaa. Nimepita makumbusho kadhaa na sijaona hata moja lisilo na viporo vya usajili. Huko ndiko pa kuingilia.

Siku yangu ya pili kama mtu wa kujitolea, mama aliyekuwa akisimamia stoo alinipa kigoda cha miguu mitatu akaniambia nitafute ni cha nani. Chini ya kalio kulikuwa na namba ya wino mwekundu, imefutika nusu. Tarakimu ya mwisho ingeweza kuwa 3, ingeweza kuwa 8. Nikafungua daftari la usajili, kubwa, kurasa zimekuwa na rangi ya chai. Kwenye 3 kumeandikwa "kigoda, mbao". Kwenye 8 kumeandikwa "kigoda, mbao, miguu mitatu, mguu mmoja una ufa upande wa ndani, umefungwa kwa waya". Nilikigeuza kigoda nikapitisha kidole kwenye mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Waya haukuwepo, ila ufa ulikuwepo, na alama mbili za kutu pale waya ulipokuwa umekaza.

Kumbe hicho kigoda kilikuwa na jina la aliyekitoa, mwaka na kijiji kilikotoka. Bila ule mstari kingebaki kipande cha mbao. Aliyeuandika alikuwa karani, na sidhani kama kuna mgeni aliyewahi kulijua jina lake. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba uhai wa kitu cha makumbusho uko kwenye kumbukumbu zake, na kwamba anayejua kuziandika vizuri hatafutiwi kazi kwa huruma, anahitajika.

Kwa hiyo jifunze haya. Namba kama 1998.14.3 maana yake ni kitu cha tatu katika kundi la 14 lililopokewa mwaka 1998. Namba huandikwa mahali pasipoonekana wala kusuguliwa, juu ya tabaka jembamba la Paraloid B-72, aina ya vanishi angavu ambayo huweza kuondolewa baadaye bila kuharibu kitu. Kwenye nguo hatuandiki chochote: namba huandikwa kwenye utepe wa pamba, ukashonwa kwa mishono michache. Jifunze pia kuandika ripoti ya hali, yaani kueleza kila mpasuko, doa na mkwaruzo wa kitu kabla hakijahamishwa. Nguo, karatasi na manyoya huoneshwa kwenye mwanga hafifu wa kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu madhara ya mwanga hujilimbikiza na hayarudi nyuma.

Kuhusu kushika vitu, niliumia mapema. Niliwahi kuinua chungu kwa mkono wake, kama mtu anavyoinua birika. Mkono ulibaki kiganjani mwangu. Ulikuwa umegundishwa zamani, na gundi ilishachoka. Chungu hubebwa kwa mikono miwili, mmoja chini na mmoja ubavuni, na kabla hujakigusa unajua unakwenda kukiweka wapi. Glavu nazo zina mahali pake. Vyuma vinataka glavu za nitrili (aina ya mpira) kwa sababu ya chumvi ya jasho, ila glavu za pamba kwenye kioo au kauri huteleza. Karatasi, mara nyingi, mikono misafi na mikavu inatosha. Na ukikutana na ndege au wanyama wa zamani waliokaushwa, vaa glavu na barakoa bila kubishana na mtu: wengi walitiwa aseniki ili wasiliwe na wadudu, na sumu hiyo bado ipo.

Kujitolea kunafaa, ila kuwe na mipaka. Mimi nilikaa miezi 14 bila malipo mahali fulani, kila mwezi nikiambiwa bajeti inakuja. Haikuja. Nilichopaswa kudai tangu mwanzo ni karatasi inayosema nitafanya kazi gani, itaisha lini, na nikimaliza nitapewa barua inayotaja nilichofanya kwa idadi. "Alisajili na kupiga picha vitu 600" ni sentensi inayomfanya anayeajiri asimame kusoma. "Anapenda sana historia" kila mwombaji anaiandika.

Kuhusu uzamili: subiri kwanza ufanye kazi, angalau mwaka, ujue ni upande upi unakuvuta. Kama ni kutibu vitu vilivyoharibika, hapo kweli utahitaji shule, na kemia nyingi. Ukiwa unasubiri, soma kanuni za maadili za ICOM, yaani Baraza la Kimataifa la Makumbusho. Ni ndefu kidogo lakini zisome zote, hasa sehemu ya asili ya vitu. Utakutana na mtu anayeleta kinyago kizuri ajabu na hana maelezo ya kilikotoka, na utatakiwa kukikataa. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi wa utamaduni, nao wana mbinu iitwayo RE-ORG ya kupanga upya stoo zilizovurugika, imetengenezwa kwa kuyafikiria makumbusho madogo, na miongozo yake inapatikana bure mtandaoni.

Usaili ulionipa ajira ulikuwa na swali moja nisilolisahau: umekabidhiwa sanduku la vitu 40, hakuna karatasi, utaanza na nini? Wenzangu wawili waliniambia baadaye kwamba walijibu watavisafisha. Mimi nilisema sitafuta hata vumbi. Nitalipiga picha sanduku jinsi lilivyo, kwa sababu mpangilio wenyewe na gazeti lililofungia vitu vinaweza kutaja mwaka na mtu. Nitaliweka mbali na mikusanyo mingine mpaka nijiridhishe kwamba hakuna nondo wala dumuzi. Kisha kila kitu kitapata namba ya muda, picha na mstari mmoja wa maelezo, ndipo nianze kuulizauliza vilikotoka.

Leo jioni chukua kitu kimoja cha nyumbani, kikombe kwa mfano. Kiandikie vipimo, malighafi iliyotengenezewa, rangi, alama na kila dosari, kwa namna ambayo mtu asiyewahi kukiona atakichagua katikati ya vikombe kumi vinavyofanana nacho. Mpe mtu karatasi hiyo umjaribu. Mimi mara yangu ya kwanza niliandika upya mara nne kabla ndugu yangu hajakiokota kilicho sahihi. Ukimaliza kumi vya namna hiyo, pamoja na picha zake, viambatanishe na maombi yako yanayofuata, na omba nafasi ya msaidizi wa usajili.