Pindo la mkono kuonekana nje: uzi hauna kosa, unavuta

Mleta mada, pole. Umesema umepunguza suruali, ukaipinda kwa mkono, uzi wa rangi ile ile, na bado kwa nje kuna vishimo vimejipanga mguu mzima. Walionitangulia wanakwambia ubadilishe uzi. Mimi nasema unavuta.

Yalinikuta kwenye sketi nyeusi ya krepu. Kwa ndani mshono ulikuwa wa kujivunia, umekaza hakuna palipolegea. Kutoka nayo juani, pindo zima mabonde matupu. Niliifumua usiku ule ule.

Siku hizi naanza na pasi, mkunjo ulale kabisa. Sketi iliyokatwa mshazari naitundika usiku kucha kabla ya kupima, kwa sababu hushuka yenyewe. Halafu napiga bandi (mishono mirefu ya muda ya kushikilia pindo) sentimita moja chini ya ukingo wa pindo, yaani ule wa juu uliolala ndani ya nguo. Uzi uwe mmoja, usiukunje kuwa wa mara mbili, urefu wa kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Ukizidi hapo unajisokota tu. Sindano nyembamba, 9 au 10 (za mkono namba ikipanda ndivyo zinavyozidi wembamba).

Sasa penyewe. Usishone juu ya ukingo. Ukunje kuja kwako kama nusu sentimita, sindano ipite katikati ya vitambaa viwili. Kwenye kitambaa cha nje chota nyuzi moja au mbili za mfumo wake, basi. Kwenye pindo unaweza kuchota zaidi, halafu songa mbele sentimita moja, urudie. Kitambaa kikiwa kizito, kidole kilicho chini kisichomwe. Kikichomwa ujue umetoboa hadi nje. Kila baada ya mishono mitano shika pindo kwa mikono miwili ulinyooshe kidogo, uzi ujigawe. Ukiuona umelegea kidogo ndani, uache hivyo hivyo, ndio unaotakiwa. Kila sentimita kumi hivi napiga mshono wa kurudi nyuma, kwenye pindo peke yake, ili uzi ukikatika mahali pamoja lisifumuke lote. Hilo nililijua baada ya kukanyaga pindo langu mwenyewe kwenye ngazi.

Kitambaa kinachovutika kinataka mshono wa msalaba, ule wa kwenda kulia huku ncha ya sindano ikitazama kushoto, kwa kuwa wenyewe unanyumbuka.

Aliyeuliza kuhusu mshono uliofumuka ubavuni, huo ni wa ngazi: sindano inapita ndani ya mkunjo wa upande mmoja, inavuka moja kwa moja upande wa pili, inapita tena ndani. Baada ya vidaraja vinne au vitano, vuta, patajifunga. Hapo kuvuta ni ruksa! Tundu dogo nalitililia (nalijaza kwa kufuma na sindano) kwa uzi niliouchomoa kwenye akiba ya kitambaa iliyobaki ndani ya mshono wa nguo yenyewe. Rangi hailingani na nyingine vizuri zaidi ya hiyo. Ukikosa, chukua uzi uliokoza kidogo kuliko nguo, maana unyuzi mmoja ukishashonwa huonekana mweupe kuliko ulivyo kwenye kibiringo.

Satini nyembamba sitakudanganya, vidoti vitaonekana hata ushone vipi. Ile naiviringisha pindo jembamba.

Suruali yako ifumue tu, usihangaike kuilegeza. Ukimaliza kushona upya, pasi iguse mkunjo wa chini peke yake. Ukiipandisha hadi kwenye ukingo, alama yake itajichora nje na utadhani ni mishono tena.