Siku Moja Salem: Ushauri kwa Wanafunzi wa Kubadilishana Walioko Massachusetts

Mwanafunzi wa kubadilishana anayepangiwa familia mwenyeji katika jimbo la Massachusetts huambiwa mapema kwamba asiondoke bila kuutembelea mji wa Boston, na ushauri huo ni mzuri. Hata hivyo, kwa kijana aliyetoka kwetu Afrika Mashariki, mimi husisitiza kwamba Jumamosi moja nzima itengwe kwa ajili ya Salem, mji mdogo wa bandari ulio kilomita zipatazo 25 kaskazini mwa Boston, kwa sababu huko historia ya Marekani na ya Zanzibar zinakutana waziwazi. Niliishi jirani na mji huo nilipokuwa mwanafunzi, na baadaye nimewasindikiza vijana wengi huko.

Usafiri si tatizo. Treni huondoka katika stesheni ya North Station mjini Boston na kufika baada ya nusu saa hivi, na majira ya joto kuna pia kivuko, ambacho ni cha polepole zaidi lakini kinakuingiza Salem kwa njia ya bahari, kama mabaharia wa zamani walivyoingia. Ukishashuka, kila kitu kinafikiwa kwa miguu. Mwezi wa kuuepuka ni Oktoba, kwani watu hufurika kusherehekea Halloween, sikukuu ya mavazi ya kutisha, hadi njia hazipitiki, na aliyekuja kujifunza ataishia kusimama kwenye foleni.

Kwa kuwa Salem inajulikana kwa kesi zake za uchawi za zamani, wageni wengi huanza na maduka ya wachawi yaliyo katikati ya mji, wakanunua kofia zilizochongoka, na inapofika alasiri miguu imechoka na bandari hawajaiona. Ninyi anzeni na bandari asubuhi. Gati la Derby, linaloingia baharini kwa karibu mita 800, pamoja na jengo la forodha la mwaka 1819, ni sehemu ya eneo la kihistoria linalosimamiwa na serikali kuu, la kwanza la aina yake kutangazwa nchini humo, mwaka 1938. Hakuna kiingilio, na askari wa hifadhi hupenda kuulizwa maswali. Vaeni koti zito hata kama mjini kuna jua, maana upepo wa pale haufanani na wa Forodhani.

Waulizeni kuhusu Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wametajirika kwa pilipili manga ya Sumatra na bidhaa za India na China, lakini kadiri Boston na New York zilivyowapokonya biashara hiyo kubwa, wao waliigeukia pwani yetu. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, kwa niaba ya Marekani, miaka 6 kabla ya Waingereza kupata wa kwao, na mwaka 1837 Richard Waters, mwenyeji wa Salem, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kisiwani Unguja. Meli zilileta kwetu merikani, yaani vitambaa vya pamba vilivyofumwa Massachusetts, na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mgumu wa miti uliotumika kutengenezea vanishi. Ni vyema kuyatazama mambo haya bila kuyapamba: pamba ya viwanda vya Massachusetts ilichumwa na watumwa katika majimbo ya kusini, na pembe zilizolipiwa kwa kitambaa hicho mara nyingi zilifika pwani mabegani mwa watu ambao nao hawakuwa na hiari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 na pamba ikaadimika, merikani nayo ikapungua katika masoko yetu.

Kutoka gatini nendeni Makumbusho ya Peabody Essex, ambayo chanzo chake ni chama cha manahodha wa Salem kilichoanzishwa mwaka 1799. Kiingilio si kidogo, ila wanafunzi hupunguziwa, hivyo msisahau vitambulisho vya shule. Miongoni mwa hazina zake ni picha ya Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York mwaka 1840 na jahazi la Sultana, akiwa amevaa kilemba. Kwa kuwa makumbusho makubwa huweka vitu vingi ghalani, waandikieni barua pepe mapema kuuliza kama picha hiyo imetundikwa. Mimi naona hata kuuliza tu kunawakumbusha kwamba wapo watu wanaoitafuta.

Uchawi uachwe mpaka alasiri, na uanzie kwenye kumbukumbu ya waliouawa, kando ya makaburi ya Charter Street. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na wa 20, Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe hadi kufa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Kila mmoja amewekewa benchi la mawe lenye jina lake na tarehe aliyouawa. Baada ya kukaa hapo, maduka ya kofia hayapendezi tena, na hilo mimi silioni kuwa hasara. Familia mwenyeji zikiuliza kama kwetu mambo hayo yapo, msione haya kueleza kwamba vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi Usukumani, Kisii na Kilifi katika miaka ambayo sisi wenyewe tunaikumbuka. Nimeona mazungumzo ya kweli zaidi kati ya wenyeji na wageni yakianzia kwenye swali hilo kuliko kwenye maswali ya simba na joto.

Kuhusu chakula, bei iliyoandikwa haijajumuisha kodi, na mkihudumiwa mezani hutarajiwa kuacha bakshishi ya karibu asilimia 20, kwa hiyo kikundi chenye fedha kidogo kibebe chakula cha nyumbani na kula kwenye nyasi za Salem Common, uwanja wa wazi wa umma. Treni za wikiendi hazipiti mara kwa mara. Angalieni ratiba ya kurudi kabla hamjaondoka stesheni asubuhi.