Jibu: Windows inarudi nyuma masaa 3 kila nikitoka Ubuntu

Sasa ndugu, pole na hiyo kero. Umesema kila ukitoka Ubuntu ukiingia Windows saa iko nyuma masaa 3 kamili, na fundi hapo Kisumu ashakuambia ununue betri ya bodi (ile ndogo inayoshikilia saa mashine ikizimwa). Usinunue kwanza! Betri ikiisha saa hupotea ovyo ukizima mashine, hata tarehe inaweza kurudi miaka nyuma, lakini masaa 3 kamili ndio tofauti yetu ya Kenya na UTC (saa ya kimataifa), kwa hivyo hapo ni mifumo yako miwili kwa mashine moja inavutana, Ubuntu inaandika UTC kwa saa ya mashine halafu Windows inaisoma ikidhani ni saa ya hapa.

Anza na taimuzoni, Ubuntu iwe Africa/Nairobi na Windows iwe UTC+03:00 Nairobi. Zikiwa sawa, ingia Windows, fungua regedit (programu ya kuhariri setingi za ndani za Windows) kama admini, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation, tengeneza DWORD (thamani ya namba) mpya uiite RealTimeIsUniversal, uipe 1, ristati. Laptop za wateja hapa Nakuru huwa nazifanya hivyo na zinatulia.

Kuna njia fupi ya Ubuntu, amri ya kuandika kwa terminal, timedatectl set-local-rtc 1, inayofanya saa ya mashine iwe ya hapa, inafanya kazi ila siipendi, Ubuntu yenyewe inakupa onyo. Na usifanye zote mbili tafadhali, Windows itaruka masaa 3 mbele.

Ukimaliza sawazisha saa na intaneti kwa setingi za Windows, ndio tovuti ziache kukukatalia juu ya cheti (hati ya usalama ya tovuti, ambayo hukaguliwa kwa saa yako).