Waridi la njano: msichague kwa picha ya simu

Mvua zinakaribia, vitalu vya barabarani vimejaa miche, na maswali ya wiki hii karibu yote ni ya waridi la njano. Nawaomba tena: ukiandika, sema uko wapi, unamwagilia maji gani na jua linapiga kwa saa ngapi. Bila hayo nitakuwa nabahatisha, na hela inayopotea ni yako.

Shikamoo mama. Tumehamia Iyumbu hapa Dodoma, kiwanja kipya, hakina hata mti. Waridi gani la njano ni zuri kuliko yote?

Marahaba. Uliza linaloweza jua la Iyumbu, kwa sababu njano hupauka upesi juani. Arthur Bell lina harufu tamu na hufunguka likiwa limekoza, kisha huishia rangi ya krimu. Mimi ningeanza na Friesia la Kordes, wazalishaji wa mawaridi wa Ujerumani, ambalo Wamarekani huliita Sunsprite. Linanukia, na hushika rangi vizuri hata likizeeka. Baada ya hapo Julia Child, njano ya siagi, kichaka kifupi chenye majani ya kung'aa yanayohimili magonjwa. Peace la akina Meilland wa Ufaransa, lililopewa jina hilo Marekani mwaka 1945 vita vikiisha Ulaya, lina njano hafifu yenye kingo za pinki. Anayetaka njano tupu asilinunue halafu alalamike. Graham Thomas la David Austin wa Uingereza, la mwaka 1983, ni zuri mno, ila kwenye joto hurefuka kumpita mtu, kwa hiyo lisikae chini ya dirisha.

Wauzaji wetu wengi hawajui majina haya, nawe usikubali kuuziwa jina la kubuni. Nenda kitaluni saa nane mchana, si asubuhi. Tafuta ua lililokwisha kufunguka siku mbili tatu uone njano iliyobaki. Kisha inama ukague majani ya chini. Mche uliopukutisha majani ya chini na kubaki na kishada cha majani juu, uache hapo hapo hata kama ua lake linakuita.

Majani nayasisitiza kwa sababu ya asili ya rangi yenyewe. Mawaridi ya bustani ya Ulaya yanayochanua tena na tena hayakuwa na njano iliyokoza mpaka Joseph Pernet-Ducher wa Lyon alipoyachanganya na waridi la Uajemi, akatoa Soleil d'Or mwaka 1900. Rangi ilikuja pamoja na udhaifu wa ugonjwa wa madoa meusi, na uzao wake mwingi bado unao. Sisi wa Dodoma tuna nafuu: ukungu huo unataka jani libaki na maji kwa saa kadhaa, na hapa mvua ni ya Desemba hadi Aprili tu. Lakini kuna watu wanaoogesha majani kwa mpira kila jioni mwaka mzima, kisha wananiuliza dawa. Mwagilia shinani, asubuhi.

Nimeona mtandaoni mbegu za waridi la njano na la bluu, pakiti moja. Ninunue?

Usinunue. Waridi lenye jina halizai mfano wake kwa mbegu, na hilo la bluu ni picha iliyopakwa rangi.

Waridi langu la njano limegeuka, sasa linatoa maua madogo ya damu ya mzee. Jirani anasema kuna mkono wa mtu. (Nkuhungu)

Hakuna mkono wa mtu. Mche wako ulibebeshwa juu ya shina la waridi jingine, na hilo la chini limechipua na kulimeza la juu. Dr. Huey, shina linalotumika sana Marekani, lina maua ya rangi hiyo hiyo. Fukua taratibu, fuata chipukizi hadi linapoanzia chini ya kiungo, yaani pale mawaridi mawili yalipounganishwa, uling'oe kwa mkono. Ukilikata kwa mkasi litarudi na wenzake. Kama juu ya kiungo hakuna kilicho hai, ng'oa mche mzima. Utakaofuata, panda kiungo kikiwa sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo ukione kila siku, na mkataze fundi bustani kuuzungushia tuta la udongo.

Majani yamekuwa ya njano, mishipa imebaki kijani. Namwagilia maji ya kisima, nimeongeza majivu lakini hali imezidi. (Nzuguni)

Lazima izidi! Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na magadi, mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma, nawe umemwongezea majivu ambayo ni magadi tele. Acha majivu, acha maji ya kufulia, usikimbilie mbolea ya dukani. Weka mboji au samadi iliyooza kabisa. Mbichi itaunguza mizizi. Mwagilia mara mbili kwa wiki, ndoo nzima ya lita 20 kwa mche mkubwa, chumvi ishuke chini ya mizizi. Kikombe kimoja kila siku ndicho kinachoiacha juu. Na mnaojenga, wekeni mifereji ya bati na tangi kabla ya kumwaga pevingi uwanja mzima. Maji ya mvua ndiyo bora kwa waridi, tunayaacha yaende korongoni.

Waridi halichanui. Msaada.

Wapi? Lina umri gani? Kivulini au juani? Swali hili nalipata kila mara, likiwa hivi hivi. Saa 6 za jua kwa siku ndiyo kima cha chini. Kama jua lipo, pogoa, kisha subiri wiki 6 hadi 8.

Nataka la njano la kupanda juu ya geti. (Kisasa)

Golden Showers. Huchanua kwa misimu mingi, halina miiba mingi ya kumkwaruza mgeni. Usidanganywe na Banksia la njano: halina miiba, lakini huchanua mara moja kwa mwaka na hupenda kipindi cha baridi zaidi kuliko tunachopata hapa Juni na Julai. Nguzo iwe ya chuma; ya mti italiwa na mchwa kabla waridi halijafika juu.